Meno Meusi

Kila aliyejiunga na ile bendi aliambiwa mambo mawili kabla hajaonyeshwa pa kuweka begi lake. La kwanza: nyumba ya wageni yoyote mtakayolala, maji ya kwanza asubuhi ni ya Mama. La pili: nyimbo za Mama zinapigwa chini kuliko zilivyozaliwa, Mama mwenyewe hajui, na ukiona mdomo unakuwasha kumwambia, shuka kwenye gari sasa hivi kabla halijatiwa mafuta.

Mpiga kinanda alipoambiwa hivyo alidhani anataniwa. Mtu ameimba maisha yake yote, umshushe asijue?

"Hajui," mpiga tarumbeta akamwambia. "Na mwenye kitufe ni wewe. Kwa hiyo funga bakuli."

Huyo mpiga tarumbeta alikuwa mdogo wake Mama, tumbo moja. Bendi nzima ilimwita Mjomba, hata wazee wenzake. Ndiye aliyeanzisha mchezo wenyewe. Mama alikuwa na mafua, sauti imekwama kama mlango uliolowa mvua, na watu walishajaa ukumbini. Mjomba akawanong'oneza wenzake washushe kidogo, kwa siku ile moja tu, avuke salama. Mama akavuka. Akateremka jukwaani amejishika kiuno, anasema, "Mmeniona? Mafua yenyewe yamenikimbia!" Sasa nani angekuwa na moyo wa kumwambia? Kesho yake hakuna aliyepandisha. Miaka ikaenda, sauti ya Mama ikawa nzito, wakashusha tena kidogo. Na tena.

Ubaya wa kushusha ni kwamba hauwaumizi watu sawasawa. Mwenye gitaa analegeza nyuzi, kazi imekwisha. Mwenye kinanda anabonyeza kitufe, anaendelea kutafuna bigijii. Ngoma ndiyo haina habari kabisa. Lakini tarumbeta haina pa kulegeza. Kila mliposhuka, Mjomba alianza upya nyimbo zote, vidole vyote, sehemu ambazo hakuna mpiga tarumbeta mwenye akili timamu anazipenda. Alijifunzia kwenye vyoo vya nyumba za wageni, soksi amezisokomeza kwenye mdomo wa tarumbeta ili dada yake asisikie. Watu walikuwa wakipanga foleni mlangoni wanashika matumbo, humo ndani kunatoka sauti kama ya mbu aliyefungiwa kwenye chupa.

Kijana wa kinanda yeye alikuwa wa vitufe. Shule aliiacha mapema, kukaa dawati moja mwaka mzima kulimshinda. Kinanda alikiokota kwa masikio tu, akawa mkali kweli, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: aligusa meno meupe peke yake. Nyimbo zote za dunia hii alizipigia mahali pamoja. Mwimbaji akitaka juu, anabonyeza kitufe cha kupandisha. Akitaka chini, anabonyeza cha kushusha. Kinanda chenyewe kinahangaika, yeye vidole vyake viko nyumbani vimejinyoosha. Mjomba alipoligundua hilo alimpa jina siku hiyohiyo: Meupe.

"Hayo meusi yamekukosea nini, Meupe? Yanauma?"

"Sina shida nayo, Mjomba. Tunasalimiana tu."

Alipenda ile kazi kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote. Alipenda gari lenyewe, maspika yamefungwa kamba juu, mashati ya jukwaani yanapepea madirishani yakikauka. Alipenda namna mpiga besi, jitu kubwa lisilosema, alivyoendesha kutwa nzima kisha akashuka na kubeba ngoma mbilimbili kama mtu anayebeba mito. Godoro lilikuwa gumu leo, kesho linanuka, keshokutwa hakuna, mnalala kwenye viti. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu mbele ya gari alikaa mwanamke aliyepita sitini, mtandio ameuzungusha shingoni, chupa ya maji moto mapajani, naye halalamiki.

Siku ya onyesho Mama hakusema neno mpaka jua liinamie. Sauti alikuwa anaitunza, kama mtu anavyotunza kiatu cha sherehe. Aliongea kwa mikono. Kidole kimoja juu: simamisha gari, nataka kujisaidia. Kofi kwenye dashibodi: wewe dereva, polepole. Akigeuka nyuma na kuwatazama wote mmojammoja huku amebana pua, mlijua anamtafuta nani, na aliyehusika alijitaja mwenyewe. Bendi zote anazozijua Meupe zilikuwa na makelele ya ugomvi barabarani. Hii ilienda kimya, watu wanacheka kwa mabega.

Basi siku hiyo walifika mji mmoja kabla ya mchana, wakapaki nyuma ya ukumbi. Mwenye ukumbi alikuwa mama mmoja mfupi, shada la funguo linamlia kiunoni. Akawapokea kwa vigelegele peke yake, akamshika Mama mkono, akamvuta mpaka jukwaani.

"Nimekuwekea kitu," akasema. "Fundi ametoka juzi, ameirekebisha yote. Funga macho, dada yangu."

Akavuta shuka. Ilikuwa piano. Piano kweli, ya mbao, nyeusi, kubwa kama meza ya wakubwa, mfuniko umenyanyuliwa.

Mama alisimama. Akaipapasa ubavu taratibu kama mtu anayempapasa ng'ombe wake aliyepotea akaonekana. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu Meupe amjue, alivunja mwiko wake mwenyewe. Akasema, na jua liko utosini:

"Ule wimbo wangu mkubwa nilianza kuuimba nikiwa msichana, na piano kama hii. Leo naurudisha kwake. Piano na mimi, basi. Nyie wengine mtakaa mnisikilize." Akamgeukia Meupe. "Mwanangu, utanipigia, eh?"

"Nitakupigia, Mama," Meupe akajibu, na macho yakamkimbilia ubavuni mwa piano kutafuta kitufe.

Piano haina kitufe.

Ukiweka vidole kwenye meupe, piano inakupa meupe, hairekebishi kitu. Na ule wimbo kwenye meno meupe ulikuwa palepale ulipozaliwa, juu kabisa, mahali Mama alipoimba akiwa na miaka ishirini. Kule mwisho wa ubeti kuna sauti moja inayopanda, ndiyo watu wanaifuata kutoka mbali, wanaingojea huku wamebana pumzi. Mama alikuwa bado anaifikia kila onyesho kwa kuwa walikuwa wamemletea karibu. Akienda kuifuata kule ya zamani, ingempasukia mdomoni mbele ya ukumbi mzima.

Mama alipopelekwa nyumba ya wageni kupumzika, wanaume walikutana nyuma ya gari.

"Tufiche kinanda nyuma ya piano," Meupe akasema. "Nijifanye napiga piano, kumbe kinalia kinanda."

"Ataiegemea," Mjomba akasema. "Dada yangu haimbi na kitu bila kukigusa. Ataegemea mbao, asikie hazitetemeki. Utamwambia nini? Piano imekufa ganzi?"

"Basi ning'oe jino moja. Niseme imeharibika."

"Mwenye ukumbi atakung'oa wewe."

"Basi tumwambie ukweli."

Jitu la besi, ambalo lilikuwa linashusha spika, liliishikilia hewani.

"Huo ukweli," Mjomba akasema polepole, "ungekuwa mtamu ningeshamwambia mimi. Dada yangu anawacheka wenzake walioacha kuimba. Anasema wamedeka. Anasema mbona yeye yupo palepale. Anaamka asubuhi, mgongo unauma, magoti yanauma, anapanda gari kwa sababu anajua sauti ipo. Ukimwondolea hiyo utampandisha gari kwa kitu gani?" Akapangusa mdomo. "Njoo. Unayajua meno meusi kwa kusalimiana. Leo unaenda kuyaposa."

Mchana wote walikaa kwenye ile piano, ukumbi mtupu, mafagio yanapita chini ya viti. Mjomba hakujua kupiga piano hata kidogo, lakini alijua wimbo unaelekea wapi. Alipuliza sauti moja, taratibu, soksi imo, na Meupe akaitafuta kwa kidole mpaka akaipata. Halafu inayofuata. Kila akikosea anapigwa kwenzi.

"Hicho ni kidole cha kupigia au cha kuchokolea pua?"

"Mjomba, mkono hauendi huko! Umezoea—"

"Umezoea kulelewa. Mimi midomo hii ilichanika. Rudia."

Na hapo ndipo Meupe alipomwelewa yule mzee. Siku zote alimwona mtu wa mizaha, kofia upande, anapuliza vipande vyake viwili vitatu na kukaa. Sasa alikuwa anapita njia ileile kwa vidole vyake, anaona ilivyo na miiba, anaona kila kona ambayo mkono unataka kukimbilia nyumbani na unakatazwa. Mjomba aliipita njia hiyo kwa nyimbo zote. Mara tatu. Chooni. Na hakuna hata siku moja alipopiga vibaya, na hakuna aliyewahi kumpongeza, kwa kuwa ukimpongeza umetoboa siri.

"Mjomba, wewe si mtu wa kawaida," akasema.

"Jua linaondoka. Rudia."

Alirudia mpaka shati likamganda mgongoni. Jioni wimbo ulikuwa umekaa. Haukukaa kitako, lakini ulikuwa umechuchumaa.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Bendi ilianza na nyimbo za kuchangamsha, kinanda na kitufe chake, kila kitu kikaenda kama mafuta. Kisha taa zikapunguzwa, wengine wakarudi nyuma, na Meupe akavuka jukwaa kwenda kukaa kwenye piano. Mjomba alisimama pembeni nyuma ya pazia, tarumbeta kwapani, anamtazama vidole kama askari.

Mama akaja, akaegemea mbao. Kama alivyosema mdogo wake.

Meupe akaanza chini. Meusi, jeupe, meusi. Ikakubali. Mama akaingia.

Sasa ni hivi. Meupe alikuwa amesikia wimbo ule kila onyesho, lakini alikuwa amesikia kutoka nyuma, katikati ya ngoma na gitaa na maspika. Hakuwahi kuusikia akiwa umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwenye koo lililokuwa likiutoa. Sauti ilikuwa na mikwaruzo. Ilikuwa na vumbi la barabara zote zile, na magodoro, na asubuhi za baridi. Mama hakuisukuma. Aliiweka tu mbele ya watu kama mtu anayeweka sahani mezani, akisema karibuni. Mwanamume mmoja mstari wa mbele alivua kofia, akaishika kifuani, wala hakujua kama ameivua.

Ubeti wa kwanza ukapita, na ile sauti ya juu Mama akaifikia, nzima, ukumbi ukaguna kwa raha. Meupe naye akaguna. Alisahau kwamba ana kazi. Alikuwa anamsikiliza Mama kama wale waliokaa ngazini, mdomo wazi, macho yanamchonyota, na vidole vilipoona mwenyewe hayupo vikafanya vilichozoea. Kwenye kile kipande cha kuunganisha ubeti na ubeti, vikarudi nyumbani. Vikateleza kwenye meno meupe kama miguu kwenye ndara.

Wimbo ukaruka juu.

Meupe alishtuka moyo ukagonga meno. Alitaka kurudi, lakini Mama alishaingia ubeti wa pili, na aliingia palepale piano ilipomwita, bila kupepesa, kama mtu aliyebadilishiwa njia gizani akakanyaga hiyohiyo. Huwezi kumvuta mtu mguu akiwa hewani. Pembeni, Mjomba alikuwa amefumba macho.

Mama aliimba mstari wa kwanza. Mstari wa pili akabana kidogo. Wa tatu mshipa ukamsimama shingoni. Watu walishaanza kubana pumzi kuisubiri ile sauti, na Meupe alipiga huku anasema moyoni acha, Mama, acha hiyo, ipite chini. Hakuipita chini. Aliifuata.

Ikapasuka. Kama kitambaa kilichonasa kwenye msumari, krrr, na baada yake hewa tupu.

Vidole vya Meupe vikasimama. Ikasikika taa moja inavyovuma. Mama akajishika koo, siyo kwa maonyesho, kama mtu anayejishika mfuko na kukuta hamna. Alionekana mzee. Meupe hakuwahi kumwona mzee kabla ya hapo, na alitamani ardhi immeze pamoja na piano yake.

Mama hakuondoka. Akainamisha kichwa, akavumisha kwa pua mwanzo wa ubeti wa kwanza. Taratibu. Kisha akavumisha mwanzo wa ubeti wa pili. Akarudia, wa kwanza, wa pili, kama fundi cherehani anayelinganisha miguu miwili ya suruali. Mtu yeyote mle ndani mwenye masikio alisikia tofauti.

"Meupe," akasema. Kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa, watu wote walisikia.

"Naam, Mama."

"Umenipigia sehemu mbili. Ipi uliyokosea?"

Mjomba alikuwa anatikisa kichwa nyuma ya pazia kama aliyeingiwa na nyuki. Uongo ulikuwa umeshawekwa mezani, ni kuuokota tu: nilikosea mwanzo, Mama, nilianza chini, samahani. Mama angeondoka amejiumiza koo tu, siri nzima. Meupe akafungua mdomo auokote. Lakini akamtazama yule mwanamke aliyesimama pale, ametoka kupasukiwa mbele ya watu na bado hajakimbia, anauliza swali la kazi, na akaona kumdanganya mtu wa namna hiyo ni kumvunjia heshima.

"Hii ya pili, Mama," akasema. "Ya chini ndipo tunapokupigia siku zote."

"Siku zote tangu lini?"

"Mimi nimekuta hivyo."

Mama akageuka polepole kulitazama pazia.

"We mdogo wangu."

"Naam, dada." Mjomba akajitokeza, kofia mkononi.

"Mnanishusha?"

"Tunakushusha, dada."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Mama akatafakari. Na kwa kuwa alikuwa mwanamuziki kabla hajawa kitu kingine chochote, swali lililomtoka halikuwa lile ambalo kila mtu aliliogopa. Aliangalia kile chuma mkononi mwa mdogo wake.

"Sasa hilo tarumbeta unalipigaje huko?"

"Kwa shida, dada."

Mtu mmoja akacheka huko nyuma, akajizuia, akashindwa. Ukumbi ukamfuata. Mama hakucheka. Alikuwa bado anamtazama mdogo wake, anahesabu kichwani, wimbo huu, wimbo ule, na midomo ilikuwa inamcheza.

"Ndiyo maana zile soksi zako," akasema. "Nilidhani unaumwa tumbo. Miaka yote nakuchemshia dawa."

"Nilizinywa, dada."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akaegemea piano kwa viwiko vyote viwili, na machozi yalimtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Watu hawakujua wapige makofi au wanyamaze. Akajifuta kwa ncha ya mtandio, akanyooka.

"Jamani," akawaambia watu, "mimi nimekuwa najisifu kila mji kwamba sijasogea. Kumbe nimebebwa. Hawa mabwana wamenibeba usingizini, hawajaniamsha." Akaiegemea piano tena. "Meupe, nipeleke chini. Safari hii nataka kwenda nikiwa macho."

Meupe akavuta pumzi, akatafuta meno meusi. Kidole kimoja kikakosa, akakirudisha, Mama akamsubiri. Hakumtupia jicho, hakuguna. Alisubiri kama anavyosubiri gari lipoe. Mjomba akaweka tarumbeta mdomoni, bila soksi, akampa sauti ya kwanza ili aishike. Wakaanza.

Meupe alipiga akiwa ametoa macho, hasikilizi, anaogopa kusikiliza. Lakini alisikia hata hivyo. Sauti ilikuwa ileile yenye mikwaruzo, ila sasa mwenyewe alikuwa anajua amesimama wapi, na akaacha kupanda kwa kujikaza. Alikaa ndani yake. Alipofika kwenye ile sauti aliivuta akaishikilia, akaishikilia, muda mrefu kuliko alivyowahi kuishikilia kwenye onyesho lolote ambalo Meupe alikuwepo, mpaka yule mwanamume wa mstari wa mbele akasimama na kofia yake, na nyuma yake wakasimama wote, na wale wa ngazini wakakosa pa kusimama wakapanda juu ya viti vya watu.

Makelele yalikuwa bado hayajatulia Mama alipoinama kwenye piano.

"Ule wimbo wangu mwingine," akasema, "ule wa harusi. Niliuacha zamani, nikijiambia umenichosha. Uongo mtupu. Ulikuwa unanishinda."

"Ndiyo, Mama."

"Nipigie huo. Shusha kuliko hapa. Nataka kukaa vizuri."

"Kuliko hapa? Mama, huko mimi sijawahi kufika!"

"Na mimi sijawahi," Mama akasema. "Tafuta. Tunakungoja."

Meupe akamtazama Mjomba. Mjomba alikuwa ameshainua tarumbeta, anajilamba midomo, anacheka kwa mabega. Mama akajishika kiuno, akawageukia watu, akaanza kuwahadithia jinsi mdogo wake alivyokuwa akikojoa kitandani utotoni, na ukumbi mzima ukacheka, huku nyuma yake kidole kimoja kikipapasa meno meusi, jino baada ya jino, kikitafuta pa kuanzia.